Jicho Juu ya Sitaha: Historia ya Tiltrota na Tahadhari ya Mapema Baharini, na Funzo Lake kwa Bandari Kavu ya Masoro

Ikisiri

Makala hii inafuatilia historia ya wazo ambalo limejadiliwa kwa miongo kadhaa bila kutimia: kuigeuza ndege ya tiltrota, yaani ndege yenye mabawa ambayo rota zake hugeuka kutoka wima hadi mlalo, iwe jicho la rada la manowari za kubeba ndege. Historia hiyo inasomwa kutoka upande wa Bahari ya Hindi ya magharibi, ambako ndege za tahadhari ya mapema zilitumika katika Doria ya Beira mwaka 1966, na ambako uchumi wa nchi zisizo na pwani, Rwanda ikiwa mojawapo, unategemea njia za meli. Hoja kuu ni kwamba ugumu wa kuliinua jicho juu ya bahari hauondolewi na teknolojia yoyote. Huhamishwa tu: kutoka kwenye meli kwenda kwenye ndege, au kutoka kwenye ndege kwenda kwenye diplomasia ya viwanja vya nchi kavu. Kwa washauri wa sera wa Afrika Mashariki, swali la kwanza ni ugumu upi ambao nchi zao zinaweza kuubeba.

1. Utangulizi

Masoro, wilayani Gasabo katika Jiji la Kigali, iko zaidi ya kilomita elfu moja kutoka ufuko wa karibu wa Bahari ya Hindi. Hata hivyo ni mahali pa bahari kwa maana ya kiuchumi. Hapo ndipo ilipo bandari kavu ya Kigali iliyozinduliwa Oktoba 2019 chini ya uendeshaji wa kampuni ya DP World ya Dubai, na jirani yake ni eneo maalumu la kiuchumi lenye viwanda na maghala. Kontena linalofunguliwa Masoro limepita Dar es Salaam na Rusumo, au Mombasa na mpaka wa Uganda. Kabla ya hapo limevuka maji ambayo Rwanda haina manowari wala ndege ya kuyalinda.

Kwa sababu hiyo, suala la nani anaiona bahari kutoka juu, na kwa chombo gani, linaihusu nchi isiyo na pwani sawa na linavyoihusu nchi yenye pwani. Fasihi ya usalama wa bahari katika ukanda huu imezungumza sana kuhusu meli za doria, uharamia na sheria. Imezungumza kidogo kuhusu kimo, yaani urefu kutoka usawa wa bahari ambao macho ya rada huwekwa. Makala hii inajaribu kuziba pengo hilo kwa njia ya historia.

2. Tatizo la upeo

Mawimbi ya rada husafiri karibu na mstari ulionyooka, ilhali uso wa dunia umepinda. Kwa makadirio yanayotumiwa na wahandisi, umbali wa upeo wa rada kwa kilomita ni takriban mara 4.12 ya kipeuo cha pili cha kimo chake kwa mita. Rada iliyofungwa kwenye mlingoti wa mita 30 huuona uso wa bahari hadi kilomita 23 hivi. Rada hiyo ikipandishwa mita 3,000 upeo hufika kilomita 225, na ikipandishwa mita 7,600 hufika kilomita 360.

Tofauti hiyo hupimwa kwa muda wa kuishi. Kombora linaloruka mita tano juu ya mawimbi kwa kasi ya kilomita 1,100 kwa saa huonekana na mlingoti wa mita 30 likiwa umbali wa kilomita 32 tu. Mabaharia wanabaki na chini ya dakika mbili za kutambua, kuamua na kujibu. Jicho likiwa mita 3,000 juu, muda huo unaweza kuzidi dakika kumi na mbili, na mara nyingi ndege inayobeba kombora huonekana kabla ya kulirusha.

Jeshi la Majini la Marekani lilikabiliana na tatizo hili katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, lilipoanzisha Mradi wa Cadillac ili kuifunga rada kubwa ndani ya ndege aina ya Avenger inayoruka kutoka kwenye manowari. Kutokana na mradi huo ilizaliwa rada ya APS-20, ambayo ilidumu kazini kwa miongo mingi katika ndege za aina nyingi. Uingereza iliifunga katika ndege ya Gannet AEW.3, iliyoanza kazi mwishoni mwa miaka ya 1950 ikiwa na tumbo kubwa la mviringo lililoihifadhi rada hiyo. Marekani ilisonga mbele na Hawkeye, ndege ya injini mbili yenye sahani ya rada mgongoni, iliyoingia kazini mwaka 1964. Matoleo yake mapya yangali kazini.

Gannet na Hawkeye zilihitaji kitu kimoja: meli kubwa yenye manati ya mvuke ya kuzirusha na nyaya za kuzikamata zinapotua. Kimo kilipatikana kwa sababu meli iliubeba ugumu. Boila, mabomba ya mvuke, mitambo ya nyaya na mamia ya mabaharia wa kuihudumia ilikuwa gharama ya kulifikisha jicho juu.

3. Doria ya Beira

Historia hiyo iligusa Afrika Mashariki na Kusini moja kwa moja baada ya tarehe 11 Novemba 1965, siku ambayo serikali ya walowezi ya Rhodesia ilijitangazia uhuru kwa upande mmoja. Rhodesia haikuwa na bahari. Mafuta yake yalipitia bandari ya Beira katika Msumbiji ya Wareno, kisha yakasafiri kwa bomba hadi kiwanda cha kusafishia cha Feruka karibu na Umtali, mji unaoitwa sasa Mutare. Uingereza ilipoamua kuibana nchi hiyo kwa mafuta, ililazimika kuangalia kila meli ya mafuta iliyoingia katika Mlango wa Msumbiji.

Mwanzoni mwa Machi 1966 ndege za manowari ya HMS Ark Royal zilianza doria za anga juu ya mlango huo, na baadaye HMS Eagle ilichukua zamu. Gannet zilikuwa miongoni mwa ndege hizo. Kazi yao ilikuwa tofauti na ile waliyoikusudia wabunifu wake. Badala ya kutazama ndege za adui, zilitazama meli za biashara katika eneo ambalo frigeti moja au mbili zisingeweza kulikagua peke yake. Tarehe 9 Aprili 1966 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha Azimio namba 221, lililoiruhusu Uingereza kuzuia kwa nguvu, inapobidi, meli zilizoaminika kupeleka mafuta ya Rhodesia Beira.

Hata hivyo manowari za kubeba ndege hazikukaa. Zilikuwa ghali mno kwa kazi ya kuhesabu meli za mafuta, na zilitakiwa kwingineko. Baada ya miezi michache kazi ya jicho ilibaki kwa ndege za Shackleton za Jeshi la Anga la Uingereza, zilizokuwa zimeanza kuruka kutoka Majunga, Madagaska, tangu Machi 1966. Ziliendelea kufanya hivyo hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Shackleton ilikuwa ndege nzito ya injini nne za pistoni, na haikuhitaji manati. Ilichohitaji ni uwanja wenye njia ndefu ya kurukia, mafuta, na idhini ya serikali ya Antananarivo. Ugumu ulikuwa umehama kutoka kwenye sitaha kwenda kwenye meza ya mazungumzo.

Doria yenyewe iliendelea hadi uhuru wa Msumbiji mnamo Juni 1975, ikiwa imezitumia manowari 76 za Uingereza kwa zamu. Lengo lake la kisiasa halikufikiwa. Bomba la Beira lilifungwa, lakini mafuta yaliingia Rhodesia kupitia Lourenço Marques na Afrika Kusini, njia ambazo hakuna aliyeamriwa kuzitazama. Jicho liliona vizuri kile lilichoelekezwa kukiona.

Kwa nchi zisizo na bahari, kipindi hicho kina somo la ziada. Zambia, iliyokuwa ikitegemea njia za Rhodesia, ililetewa mafuta kwa ndege, Dar es Salaam ikiwa miongoni mwa vituo vya kuyachukulia. Mwaka 1968 bomba la TAZAMA kutoka Dar es Salaam hadi Ndola lilianza kazi. Nchi mbili jirani zisizo na pwani, moja ikiwa mlengwa wa vikwazo na nyingine ikiathiriwa na matokeo yake, zilijikuta hatima ya mafuta yake ikitegemea maamuzi ya baharini ambayo hazikushiriki kuyafanya.

4. Gharama ya kukosa jicho

Uingereza iliistaafisha Ark Royal ya zamani mwishoni mwa mwaka 1978, na Gannet za mwisho zikaondoka nayo. Manowari mpya za daraja la Invincible zilikuwa ndogo na hazikuwa na manati. Zilirusha ndege za Sea Harrier, zilizoweza kupaa kutoka sitaha iliyoinuliwa mbele na kutua wima. Hakuna ndege ya rada iliyoweza kufanya vivyo hivyo. Pengo hilo lilijulikana, na lilikubaliwa kwa dhana kwamba meli hizo zingepigana karibu na viwanja vya washirika.

Tarehe 4 Mei 1982, katika vita vya Falklands, HMS Sheffield ilipigwa na kombora la Exocet na mabaharia 20 walikufa. Ndege za Super Étendard za Ajentina zilizorusha kombora hilo ziliongozwa na ndege kuukuu ya doria aina ya Neptune, iliyoruka kutoka nchi kavu ikiwa na rada ya APS-20, rada ileile ambayo Uingereza ilikuwa imeiondoa katika manowari zake pamoja na Gannet. Kundi la manowari za kisasa lilizidiwa kwa kimo na mtambo uliobuniwa miaka ya 1940.

Jibu la Waingereza lilikuwa la haraka. Katika muda wa wiki 11 hivi, helikopta mbili za Sea King zilifungwa rada ya Searchwater ndani ya mfuko wa duara unaojazwa hewa, uliojitokeza ubavuni na kushushwa chini helikopta ikiwa angani. Zilifika kusini mwa Atlantiki vita vikiwa vimekwisha, lakini mpango huo wa dharura ukawa utaratibu wa kudumu. Sea King za rada zilistaafu mwaka 2018. Mrithi wake, helikopta ya Merlin yenye mfumo wa Crowsnest, alisafiri na HMS Queen Elizabeth mwaka 2021 na kutangazwa rasmi kuwa tayari kwa kazi mwaka 2023, baada ya ucheleweshaji wa miaka kadhaa.

Helikopta inaondoa haja ya manati. Gharama yake huonekana angani: kimo cha chini kuliko cha Hawkeye, mwendo wa polepole, na saa chache za kukaa juu. Rota inayoiwezesha kusimama hewani hutumia nguvu nyingi kubeba uzito ambao bawa lingeubeba kwa nguvu kidogo. Hapo ndipo wazo la tiltrota lilipopata mvuto wake.

5. Ahadi ya rota inayogeuka

Tiltrota hupaa kama helikopta, kisha hulaza rota zake mbele na kuruka kama ndege ya mabawa. Ndege ya majaribio ya XV-15 iliruka kwa mara ya kwanza mwaka 1977 na kukamilisha mgeuko angani mwaka 1979. Mafanikio yake yalizaa mpango wa majeshi ya Marekani ulioanzishwa mwaka 1981, na kutoka humo ikatoka V-22 Osprey, iliyoruka kwa mara ya kwanza tarehe 19 Machi 1989.

Kwa mtu anayetafuta jicho la manowari isiyo na manati, hesabu za V-22 zilivutia. Inaweza kufika mita 7,600, karibu na kimo ambacho Hawkeye hufanyia kazi, na husafiri kwa takriban kilomita 500 kwa saa. Uzito wake wa juu wa kupaa ni tani 27 hivi, unaokaribiana na wa Hawkeye. Mabawa yake hugeuzwa na rota zake hukunjwa ili ienee katika meli. Mapendekezo ya toleo la rada, lililoitwa EV-22, yalijitokeza. Uingereza ililichunguza ilipokuwa ikimtafuta mrithi wa Sea King, pamoja na Hawkeye na Merlin. India nayo, ambayo manowari zake huruka ndege kwa sitaha iliyoinuliwa na hutegemea helikopta za Kamov Ka-31 kwa tahadhari ya mapema, iliiangalia tiltrota kama njia ya kulipata jicho la juu zaidi.

Hakuna hata mmoja aliyeinunua kwa kazi hiyo.

6. Kwa nini haikuwa

Sababu za kiufundi zilikuwepo. Chumba cha V-22 hakidumishi shinikizo la hewa, hivyo waendeshaji rada wangelazimika kuvaa vinyago vya oksijeni kwa saa nyingi ili kukitumia kimo kilichonunuliwa kwa bei kubwa. Rota mbili zenye kipenyo cha mita 11.6 kila moja huzunguka ncha za mabawa na kuikatiza miale ya rada iliyowekwa mgongoni. Sahani ya mgongoni ingezuia pia mabawa yasigeuzwe kwa ajili ya kuhifadhiwa. Kuitundika rada chini ya tumbo au kuishusha kupitia mlango wa nyuma kunawezekana, lakini ni usanifu mpya unaohitaji majaribio mapya. Hewa yenye joto inayosukumwa chini wakati wa kupaa huathiri sitaha na watu walio juu yake.

Hizo ni changamoto ambazo wahandisi huzitatua wanapolipwa. Sababu nzito zaidi ilikuwa ya mgawanyo wa mahitaji na fedha. Nchi yenye uwezo wa kulipia usanifu huo, Marekani, haikuuhitaji kwa sababu ilikuwa na manati na Hawkeye. Nchi zilizouhitaji hazikuwa na idadi ya kuufanya uwe nafuu. Uingereza ilipoamua hatimaye, ilinunua seti 10 tu za Crowsnest. Meli za India zilitaka idadi ndogo vilevile. Gharama ya kuibuni ndege upya ikigawanywa kwa ndege kumi, kila moja hubeba mzigo ambao hakuna hazina inayouvumilia kwa urahisi. Hata V-22 ya kawaida imepata mnunuzi mmoja tu wa nje ya Marekani, Japani, aliyechukua ndege 17.

Uingereza ilijaribu pia njia nyingine. Oktoba 2010 serikali yake iliamua kufunga manati katika manowari mpya, hatua ambayo ingeufungulia mlango Hawkeye. Mei 2012 uamuzi huo ulibatilishwa kwa sababu ya gharama. Ugumu ulikataliwa kwenye meli, ukakataliwa kwenye ndege, na mwishowe ukatua kwenye helikopta, ambayo hulipa kwa kimo.

Jambo la kutazamwa ni kwamba tiltrota iliingia katika manowari za Marekani kwa kazi nyingine. Toleo la CMV-22B lilianza kubeba watu, barua na vipuri mwaka 2021, likichukua nafasi ya ndege ya Greyhound. Lina nafasi ya kubeba sehemu kuu ya injini ya ndege ya F-35, jambo ambalo Greyhound haikuliweza. Kazi hiyo ilitumia kile ambacho V-22 tayari ilikuwa nacho, na haikudai mtambo mpya.

Hata katika kazi hiyo nyepesi zaidi, ugumu uliohamishiwa kwenye ndege ulijionyesha. Injini za V-22 zimeunganishwa kwa mhimili unaopita ndani ya bawa, ili injini moja ikizimika ile nyingine izungushe rota zote mbili. Mpangilio huo unategemea masanduku ya gia yanayofanya kazi chini ya mkazo mkubwa. Tarehe 29 Novemba 2023 ndege moja ya aina hiyo ilianguka karibu na kisiwa cha Yakushima, Japani, baada ya gia kuvunjika, na watu wanane walikufa. Tangu tarehe 6 Desemba 2023 hadi tarehe 8 Machi 2024 V-22 zote za Marekani zilizuiwa kuruka. Greyhound zilizokuwa zikistaafu zilirudishwa kazini. Kama ndege hizo zingekuwa jicho pekee la kundi la manowari, kundi hilo lingekaa miezi mitatu bila kuona mbali.

7. Tiltrota katika anga ya Afrika Mashariki

Ukanda huu unaifahamu tiltrota kwa kazi za nchi kavu. Tarehe 21 Desemba 2013 ndege tatu za CV-22 za Marekani zilikaribia Bor, Sudan Kusini, kuwaondoa raia wake wakati vita vilipoanza. Zilipigwa risasi kutoka ardhini na wanajeshi wanne walijeruhiwa. Zikiwa zimeharibiwa, ziliruka hadi Entebbe, zikiongezewa mafuta angani njiani. Miezi mitatu baadaye CV-22 zilipelekwa Uganda kusaidia msako wa Joseph Kony.

Tukio la Bor linaonyesha pande zote mbili. Umbali wa kilomita mamia kadhaa hadi Entebbe, katika hali ile, ungekuwa mgumu zaidi kwa helikopta ya kawaida. Lakini kilichoikamilisha safari hiyo kilikuwa uwanja wa Entebbe na serikali iliyouruhusu utumike. Kama Shackleton za Majunga, teknolojia ya juu ilimalizikia kwenye njia ya kurukia ya nchi ya Kiafrika.

Ndivyo ilivyokuwa pia katika kuuzima uharamia wa Kisomali. Meli ya Faina, iliyotekwa Septemba 2008 ikielekea Mombasa na vifaru 33, iliuamsha ulimwengu. Operesheni ya Atalanta ya Umoja wa Ulaya ilianza Desemba mwaka huo, na macho yake ya angani yalikuwa hasa ndege za doria zilizoruka kutoka Djibouti na Ushelisheli. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Jicho lililotoa mchango wa kila siku lilikuwa lile lililolala karibu, katika viwanja vya ukanda wenyewe.

8. Muhanga na Masoro: ugumu huhamishwa wapi?

Rwanda ina mfano wake wa uchaguzi huu, ingawa hauhusu vita. Tangu Oktoba 2016 kampuni ya Zipline imekuwa ikipeleka damu na dawa hospitalini kwa droni kutoka kituo cha Muhanga. Droni hizo zina mabawa yasiyogeuka. Hurushwa kwa manati, na zile za kizazi kilichofuata hukamatwa kwa kamba zinaporudi. Utaratibu huo ni ule wa manowari ya kubeba ndege, umewekwa juu ya kilima. Wabunifu wangeweza kuziwekea rota zinazogeuka ili zitue popote. Badala yake waliuweka ugumu katika kituo, ambako fundi anaufikia, na chombo cha angani kikabaki chepesi na cha bei nafuu. Uamuzi huo ulifaa kwa sababu vituo ni vichache na safari ni nyingi.

Swali lilelile linaweza kuulizwa kuhusu bahari inayoilisha Masoro. Tangu Novemba 2023, mashambulizi dhidi ya meli katika Bahari ya Shamu yalizilazimisha kampuni nyingi za kontena kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema. Manowari ya Marekani ya Dwight D. Eisenhower ilikaa huko kwa miezi kadhaa, Hawkeye zake zikitazama anga. Hilo ni jicho la wengine, lililokuja kwa sababu zao na kuondoka kwa ratiba zao. Hakuna nchi ya Afrika Mashariki inayoweza kulinunua, na hakuna inayolihitaji kwa umbo hilo, kwani ukanda hauna manowari ya kubeba ndege ya kuilinda.

Kile ambacho ukanda unacho ni pwani ndefu, visiwa na viwanja. Lamu, Pemba, Mafia, Mtwara, Komoro na Ushelisheli vimepangika kando ya njia za meli kama milingoti iliyokwisha kusimikwa. Ndege ya kawaida ya doria, au droni inayokaa angani saa nyingi, ikiruka kutoka huko haihitaji manati wala rota ya kugeuka. Inahitaji makubaliano ya kutua, masafa ya mawasiliano yanayolingana, na sheria inayosema nani hupewa taarifa. Misingi ipo. Kanuni za Maadili za Djibouti zilitiwa saini Januari 2009 na kupanuliwa Jeddah mwaka 2017. Kituo cha kuunganisha taarifa za bahari kiko Madagaska, na cha kuratibu operesheni kiko Ushelisheli.

Nchi zisizo na pwani ndizo ambazo nafasi yake katika mpangilio huo haijafafanuliwa vya kutosha. Rwanda, Uganda na Burundi hulipia bima ya meli na ucheleweshaji wake kupitia bei za bidhaa, lakini si nchi za pwani kwa mujibu wa sheria ya bahari. Hata hivyo Rwanda si mgeni wa pwani: majeshi yake yako Cabo Delgado, Msumbiji, tangu Julai 2021, na yalishiriki kuurejesha mji wa bandari wa Mocímboa da Praia. Ipo hoja ya kisera kwamba nchi inayobeba gharama ya bahari ichangie jicho lake na ipate taarifa zake, kwa mfano kupitia Jumuiya ya Afrika Mashariki au mamlaka za Ushoroba wa Kati na Ushoroba wa Kaskazini. Mchango huo unaweza kuwa wa fedha, wachambuzi wa takwimu, au uzoefu wa kusimamia anga la droni ambao Rwanda imeujenga tangu mwaka 2016.

9. Hitimisho

Historia ya tiltrota na tahadhari ya mapema haikuisha kwa kushindwa kwa ndege. V-22 iliruka, ilivuka masafa, na iliingia katika manowari. Kilichoshindikana ni kumpata mtu mmoja mwenye haja na uwezo kwa pamoja. Sasa majeshi ya majini yanaelekea kwenye vyombo visivyo na rubani. Novemba 2023 droni ya Mojave iliruka na kutua kwenye HMS Prince of Wales bila manati, na Uingereza imepanga kuistaafisha Crowsnest mwaka 2029. Uchina, kwa upande wake, imechagua kuubeba ugumu katika meli: manowari yake ya Fujian ina manati ya sumakuumeme ya kuirusha ndege ya rada ya KJ-600.

Kwa mshauri wa sera anayeletewa pendekezo la chombo kipya cha kuitazama bahari, mambo matatu yanafuata kutoka kwenye historia hii. Kwanza, pendekezo lioneshe ugumu umehamishiwa wapi, na ni nani atakayeulipia wakati sanduku la gia likivunjika au idhini ya kutua ikiondolewa. Pili, idadi ihesabiwe kabla ya uwezo, kwa kuwa chombo cha kipekee chenye ndege chache hukosa vipuri na mafundi hata kikiwa bora. Tatu, jicho lipewe swali sahihi. Doria ya Beira ilitazama mlango mmoja kwa miaka tisa huku mafuta yakipita mlango mwingine, na kimo cha ndege hakikuweza kusahihisha agizo lililokuwa finyu tangu mwanzo.